Kabla masika haijapiga hodi: jinsi ya kuikagua na kuitengeneza nyumba na fremu za biashara

Januari na Februari ndiyo miezi ya kupanda juu ya paa. Dar es Salaam, Bagamoyo, Kibaha, Tanga na ukanda wetu wote wa Pwani, masika huanza Machi na kuisha Mei, na Aprili ndiyo yenye maji mengi kuliko miezi yote. Vuli nayo huja Oktoba mpaka Desemba. Mwenye nyumba anayemtafuta fundi wiki ya pili ya Aprili, beseni likiwa tayari katikati ya sebule, atamkuta fundi huyo anasubiriwa na nyumba nyingine kumi. Na hata akija siku hiyo hiyo, silikoni haishiki kwenye bati lililolowa, saruji inaoshwa kabla haijakaza, rangi haikauki. Kazi ya masika hufanyika jua likiwa kali.

Nasimamia nyumba ya familia na fremu sita za maduka zilizo mbele yake, na kwa miaka mingi nilikuwa natengeneza mambo kinyume: naanza na doa ukutani, napaka rangi, mwaka unaofuata doa lile lile linarudi likiwa limeongezeka. Siku hizi nafuata njia ya maji. Naanza kwenye kofia ya paa, kule kileleni, nateremka kwenye gata (mfereji unaokinga maji ya paa), ukutani, kwenye msingi, kwenye chemba za maji taka, hadi mtaro wa barabarani. Kila nikiona ubovu mahali, nauliza kwanza kilicho juu yake.

Piga hesabu ya maji yako

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Paa lenye mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 60, na mvua ya namna hiyo kwa siku moja ya masika si ajabu, linamwaga lita 7,200. Ni sawa na matanki saba ya lita 1,000, na kidogo juu. Pima paa lako kwa hatua, zidisha, halafu jiulize maji hayo yote yanapita wapi kutoka kwenye uwanja wako. Kama huna jibu la uhakika, umeshaijua kazi yako kubwa ya mwaka huu.

Hatua ya 1: ingia darini saa sita mchana

Kabla hujapanda juu, ingia ndani ya dari jua likiwa utosini. Funga mfuniko nyuma yako, kaa kimya dakika tano macho yazoee giza. Kila tundu la msumari, kila bati lililochanika, litaonekana kama nyota. Weka alama kwa chaki kwenye papi (mbao nyembamba inayopigiliwa bati) iliyo karibu, na kwenye karatasi chora ramani ndogo ya paa ili ukiwa juu ujue pa kwenda.

Ukiwa humo tembea tu juu ya mbao za kenchi, zile kubwa zinazobeba paa. Jipsamu na siling bodi havibebi mtu. Tazama alama za maji kwenye mbao: weusi, michirizi, chumvi nyeupe. Chukua bisibisi uchome papi na kenchi karibu na kuta. Ikizama kama kwenye mkate, mbao imeoza au imeliwa. Angalia pia vinjia vya udongo vya mchwa vinavyopanda kutoka ukutani. Kumbikumbi wakiruka mvua za kwanza zinapodondoka, wale ni mchwa wanaotafuta makao mapya, na mbao yenye unyevu ndiyo makao wanayoyapenda. Kenchi iliyoliwa haipakwi dawa ikaachwa. Inakatwa, inawekwa mpya iliyotiwa dawa, halafu unatafuta vinjia vinaanzia wapi.

Hatua ya 2: panda juu ya paa, na upande vizuri

Panda asubuhi umande ukishakauka, kabla bati halijawa moto wa kuunguza. Ngazi iegemee kiasi kwamba kwa kila mita 4 za kwenda juu, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana chini yake ndipo papi ilipo. Kama waya wa umeme wa kuingia nyumbani unapita karibu na ukingo wa paa, upande huo usiuguse hata kwa fagio.

Misumari ndiyo inayovujisha paa nyingi kuliko bati lenyewe. Bati hutanuka mchana na kunywea usiku, kila siku, na taratibu linausukuma msumari juu. Raba ya chini ya kichwa cha msumari nayo hukauka kwa jua na kupasuka. Msumari uliolegea usiugonge tu urudi katika tundu lile lile. Utashika wiki mbili. Ung'oe, weka skrubu ya bati yenye raba, nene kuliko msumari wa zamani. Na ukikuta fundi wa awali alipigilia kwenye bonde la bati badala ya mgongo, pale maji yanapita juu ya tundu kila mvua inaponyesha. Ziba kwa silikoni ya nje, piga skrubu mpya mgongoni.

Tazama mwingiliano wa bati na bati. Mwisho wa bati la juu ulipaswa kulala juu ya la chini kwa sentimita 15 au zaidi. Upungufu huu huonekana pale maji yanapovuja siku za upepo tu, mvua ya kawaida ikipita salama. Upepo unayasukuma maji kinyumenyume kupanda mlima wa bati.

Kutu. Sisi wa karibu na bahari tunaijua. Kutu nyepesi ya juu juu inasuguliwa kwa brashi ya waya, inapakwa rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya bati. Bati lililotoboka libadilishwe. Ukinunua, kumbuka namba ya geji inavyopungua ndivyo bati linavyokuwa nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Kwa nyumba iliyo hatua chache kutoka ufukweni sioni sababu ya kununua geji 32, hata muuzaji aipunguze bei vipi.

Kosa moja naliona kila mtaa: fundi anaziba ukingo wa bati na ukuta kwa saruji. Mabati mengi ya siku hizi yamepakwa aluminiamu na zinki, na saruji mbichi huila kinga hiyo. Tena saruji haitanuki pamoja na bati, kwa hiyo inapasuka ndani ya mwaka. Mahali hapo panataka kipande cha bati kilichokunjwa, upande mmoja umechimbiwa ndani ya ukuta, upande wa pili umelala juu ya bati, na silikoni ya nje kwenye kiungo.

Paa la kuficha bati

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba za mtindo huu zimejaa kila kiwanja kipya na ndizo zinazowaliza watu. Kwa mbele unaona ukuta umesimama mnyoofu, bati limefichwa nyuma yake na mteremko mdogo, na kati ya bati na ukuta kuna gata ya zege. Zinapendeza. Ila katika nyumba ya kawaida, gata ikijaa maji yanamwagika nje uani. Katika hii, gata ikijaa hakuna nje. Maji yanapanda juu ya ukingo wa bati na kuingia darini.

Kwa hiyo gata ya zege inasafishwa kabla ya masika, katikati ya masika, na baada yake. Majani, viota vya ndege, mchanga ulioletwa na upepo wa kaskazi, mpira wa watoto. Kitu kimoja tu kwenye mdomo wa bomba kinatosha. Ukimaliza kusafisha, mwaga ndoo mbili za maji mwisho wa gata na uyatazame yanavyotembea. Yakituama mahali, mteremko haupo na panahitaji kusawazishwa kwa udongo wa saruji kuelekea kwenye tundu la bomba.

Baada ya hapo, kagua sakafu ya gata. Zege peke yake haizuii maji. Inatakiwa membreni, yaani shuka la lami lililobandikwa kwa moto, au dawa ya maji ya kuzuia unyevu inayopakwa mikono miwili au mitatu, ikipanda pia kwenye pembe za ukuta kwa sentimita 15 hivi. Ikiwa membreni imevimba kama andazi, maji yamekwisha ingia chini yake. Ikate, kausha, bandika upya.

Na kama nyumba yako haina, toboa tundu la dharura kwenye ukuta wa mbele au wa pembeni, sentimita chache chini ya ukingo wa bati, uweke kipande cha bomba kinachochomoza nje. Bomba kuu likiziba usiku wa manane, maji yatatokea hapo, utayaona, na dari yako itapona. Wapo wanaokataa kwa kuwa tundu linaharibu sura ya nyumba. Mimi nasema dari iliyoporomoka inaharibu zaidi.

Hatua ya 3: jaribu kwa mpira wa maji

Ukishatengeneza, usisubiri mvua ikuhukumu. Mtu mmoja juu na mpira wa maji, mwingine darini na tochi. Anza chini kabisa ya paa, mwagia eneo dogo dakika kumi hadi kumi na tano, kisha sogea juu. Ukianza kwenye kofia, maji yatateremka paa zima na hutajua yalipoingilia. Kumbuka pia kwamba maji yakishaingia hutembea juu ya papi au kenchi kabla ya kudondoka, kwa hiyo doa la darini linaweza kuwa mita mbili kutoka kwenye tundu.

Hatua ya 4: gata, mabomba na uwanja

Gata ya kuning'inia iwe na mteremko wa sentimita 1 hivi kwa kila mita 3. Kama imelegea, tatizo mara nyingi si gata bali fisha bodi, ubao wa ukingoni mwa paa, iliyooza nyuma yake. Kubana vishikio upya kwenye mbao mbovu ni kupoteza misumari. Viungo vinavyovuja visuguliwe vikauke kabisa ndipo upake silikoni, kwa ndani ya gata.

Maji yaliyosimama kwenye gata ni zaidi ya uharibifu wa nyumba. Mbu anayeeneza homa ya dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na Dar es Salaam ilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Gata, sahani za maua, matairi, mifuniko ya matanki iliyobonyea: vyote viwe vikavu.

Bomba la kushushia maji lisimwage kwenye miguu ya ukuta. Lipeleke kwenye tanki, au kwenye mfereji wa zege, au kwenye shimo la kokoto lililo mbali na msingi, mita 3 na kuendelea. Pembeni ya nyumba ardhi iteremke kuelekea nje. Mahali palipobonyea ujaze udongo ushindiliwe. Na usielekeze maji kwa jirani. Nimewahi kukaa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa nusu siku nikisikiliza majirani wawili wenye nyumba nzuri wakigombana kwa ajili ya bomba la inchi 4. Mfereji wa pamoja ungewagharimu kidogo kuliko ugomvi ule.

Mtaro wa barabarani mbele ya kwako usafishe mwenyewe, hata kama takataka si zako. Taka ukizitoa zipakie kwenye viroba ziondoke siku hiyo hiyo; zikiachwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza inazirudisha.

Hatua ya 5: kuta

Doa la unyevu lina asili tatu. La kwanza linateremka kutoka juu: paa, gata au bomba. La pili linapanda kutoka chini, mstari wake ukiishia nusu mita au mita moja hivi kutoka sakafuni, na rangi inabanduka ikiacha unga mweupe wa chumvi. Hapa ama nailoni ya msingi haikuwekwa, ama udongo wa nje umerundikwa juu kuliko sakafu ya ndani, ama mchanga uliojengea ulikuwa na chumvi. La tatu ni mvuke wa ndani: bafu lisilo na dirisha, jiko, kabati lililobanwa ukutani.

Kujua lipi ni lipi, kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumba. Fungua madirisha, weka feni ya kutolea hewa.

Unyevu wa kupanda unaanza kutibiwa nje. Chimba udongo uliozidi, jenga kibaraza chembamba chenye mteremko, peleka maji mbali. Kisha ndani bandua niru (tabaka laini la juu ya lipu) na lipu yote iliyolegea hadi upite mstari wa doa kwa sentimita 30 hivi, uache ukuta ukauke. Wiki, wakati mwingine miezi. Hapa ndipo uvumilivu unapowashinda wengi. Lipu mpya nayo ipewe siku 28 kabla ya rangi. Rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi inafunga maji ndani, na mwaka haupiti itavimba.

Wenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, Mji Mkongwe wa Zanzibar, Bagamoyo, Lamu, wana sheria yao. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa na udongo, zinanyonya unyevu na kuutoa, zinapumua. Ukizipiga lipu ya saruji unazifunga pumzi: maji yanabaki ndani, chokaa inalainika, vichwa vya boriti vilivyochimbiwa ukutani vinaoza pasipo kuonekana. Zitengenezwe kwa lipu ya chokaa, na fundi anayeijua chokaa. Wapo, ingawa wanapungua, na kazi yao inastahili kulipwa vizuri.

Nyufa: ule mwembamba kama unywele kwenye lipu, uchimbe kidogo, jaza, paka rangi. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, au unaopanda kama ngazi ukifuata viungo vya tofali, uwekee alama za penseli kwenye ncha zote mbili na tarehe kando yake. Pima upana wake kila mwezi. Ukiwa unafunguka kiangazi na kujifunga masika, nyumba imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba na kunywea, na dawa yake ni kuzuia maji yasifike kwenye msingi kwa kiwango kinachobadilikabadilika. Ukizidi milimita 5 au ukiendelea kukua, mwite mhandisi. Vivyo hivyo zege ya gorofa ikibanduka na nondo kuonekana na kutu: usikubali kupigwa lipu juu yake. Zege mbovu inachongwa hadi kwenye nondo safi, kutu inasuguliwa, inapakwa kinga, ndipo inajazwa. Na kama ni boriti au nguzo, hakuna kuchonga chochote kabla mhandisi hajasema mirunda ya kuegemezea ikae wapi.

Madirisha na milango

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yana vitundu vidogo kwenye reli ya chini, upande wa nje. Kazi yake ni kutoa maji. Vikijaa vumbi au rangi ya mchoraji mzembe, reli inakuwa karai, maji yanaingia chumbani na kila mtu analaumu silikoni. Vichokonoe kwa waya mwembamba. Mlango wa mbao unaovimba masika usiurande mvua ikinyesha. Kiangazi utakuwa na pengo. Paka mafuta au rangi kingo za juu na chini, ambazo mafundi wengi huziacha tupu, na ndiko maji yanakoingilia.

Umeme

Kama doa la maji liko karibu na taa au swichi, zima meni swichi kwanza, maswali baadaye. Kwenye boksi la saketi breka, ile yenye kitufe kilichoandikwa T ibonyeze mara moja kila mwezi. Inatakiwa kukata umeme papo hapo. Isipokata, haitakata siku mtu atakapoguswa na waya. Soketi za nje na za chini ya kimo cha mafuriko zipandishwe juu. Mwulize fundi wako leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na akupimie ethi (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja) kwa kifaa chake. Waya wa ethi uliokatika kwa kutu ardhini hauonekani kwa macho.

Choo, chemba na tanki la maji

Gari la kunyonya maji taka liite Februari. Mvua zikichanganya, ardhi imejaa, shimo linajaa tena baada ya siku chache kwa maji ya ardhini, na umelipa bure. Shimo lisilojengewa kuta likinyonywa wakati ardhi imelowa linaweza kuporomoka, na tanki jepesi la plastiki likiachwa tupu linaweza kuinuliwa na maji ya chini.

Kutapisha choo mvua ikinyesha, yaani kuachia maji taka yatiririke mtaani, nalisema waziwazi, ni kuwapelekea majirani kipindupindu. Maji yale yanapita kwa watoto wa mtaa wa chini yako.

Chemba zifunguliwe moja baada ya nyingine, kutoka nyumbani kwenda shimoni. Mafuta ya jikoni yaliyoganda yachotwe, yasisukumwe mbele. Maji ya paa yasiunganishwe na chemba za choo; wengi wamefanya hivyo kurahisisha, na ndiyo sababu masika choo cha chini kinarudisha. Na mtu yeyote asiingie ndani ya shimo, hata kuokota kitu, hata kumwokoa aliyeanguka. Hewa ya humo inaua kabla mtu hajapata nafasi ya kupiga kelele, na mara nyingi anayefuata kumwokoa anafia papo hapo. Piga kelele, lete watu na kamba, ita Zimamoto.

Tanki la kuvunia maji ya mvua lisafishwe kabla ya mvua. Toa tope, sugua, suuza, jaza maji, tia klorini. Kwa dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ya asilimia 3.5 na isiyo na manukato, lita 1.5 hivi kwa kila lita 1,000 za maji. Acha usiku kucha, maji hayo yamwagwe yote kwa kufungua koki za nyumba nzima ili mabomba nayo yasafike, kisha suuza. Mvua ya kwanza ya msimu usiiingize tankini; iache ioshe vumbi na vinyesi vya ndege. Bomba la kutolea maji yanayozidi lifungwe wavu wa mbu.

Fremu za biashara

Fremu ina mambo yote ya nyumba, na zaidi yake kuna mali ya mtu mwingine ndani. Mpangaji wa duka la nguo akipoteza stoki kwa sababu ya bati lako, ugomvi hautaisha kwa kumpunguzia kodi. Mkataba uandike wazi: paa, kuta, msingi na mabomba makuu ni ya mwenye jengo, koki, vitasa, taa na vioo ni ya mpangaji, na mpangaji akiona mvujo atoe taarifa kwa ujumbe ndani ya siku fulani. Mimi huwapa wapangaji notisi ya wiki mbili kabla ya ukaguzi, tunapita pamoja, tunapiga picha, kila mmoja anabaki na nakala.

Mizigo isikae sakafuni wala kubanwa ukutani. Weka chaga za mbao zenye kimo cha sentimita 15 au zaidi, na uache nafasi ya mkono kati ya mzigo na ukuta. Kwenye ghala la nafaka au saruji hili halina mjadala.

Mabango yanasahaulika sana. Bango kubwa juu ya duka ni tanga la jahazi. Likipigwa na kusi linavuta bolti zake polepole. Kagua bolti na ukuta uliozishika, maana bolti inaweza kuwa nzima na tofali likawa limepasuka. Kimbunga Hidaya kilipopiga maeneo ya Mafia Mei 2024, tulikumbushwa kwamba Pwani yetu nayo inafikiwa na pepo za namna hiyo.

Milango ya chuma ya kuviringisha ioshwe chumvi kwa maji baridi, ikauke, ipakwe grisi kwenye reli. Viyoyozi visafishwe mabomba ya kutolea maji, la sivyo yatadondokea kwenye dari ya jirani. Mitungi ya kuzimia moto itazamwe sindano ya kipimo na tarehe ya mwisho wa kukaguliwa.

Fundi na fedha

Kila mwaka natenga kodi ya mwezi mmoja ya fremu zote kwa ajili ya kazi hizi. Isipotumika yote inabaki kwenye akaunti, maana ipo siku bati zima litahitaji kubadilishwa. Vifaa nanunua mwenyewe na risiti naziweka. Fundi nampa advansi ya kuanzia, sehemu nyingine kazi ikikamilika, na sehemu ya mwisho baada ya jaribio la mpira wa maji. Tunakubaliana hivyo kabla hajapanda ngazi, kwa maandishi. Fundi mzuri hakatai.

Fuatilia pia mwelekeo wa mvua za msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya masika na kabla ya vuli. Wakisema mvua juu ya wastani, kazi uliyotaka kuiahirisha usiiahirishe.

Lakini niseme ukweli. Nyumba iliyo bondeni mwa mto, mathalani Msimbazi, haiokolewi na silikoni wala gata. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na waathirika wengi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kama uko mahali pa namna hiyo, viroba vya mchanga mlangoni vitakupa muda wa kutoa watoto, nyaraka na dawa. Tumia muda huo kutoka.

Mvua ikishaanza

Mvua kubwa ya kwanza ni mkaguzi wako. Chukua mwavuli uizunguke nyumba ikiwa inanyesha, ikiwa hakuna radi. Utaona gata inapofurika, bomba linapotema, maji yanapotuama. Piga picha, andika kwenye daftari, usipande juu. Dari ya jipsamu ikianza kutumbukia kwa uzito wa maji, zima umeme wa chumba hicho, toa watu, weka ndoo, toboa katikati ya tumbo lake kwa bisibisi huku umesimama pembeni. Tundu dogo utaliziba. Dari nzima ikianguka utaanza upya.

Juni na Julai, upepo wa kusi ukiwa umekausha kuta, ndiyo miezi ya kupaka rangi na kufanya yale ya kwenye daftari. Septemba rudi kwenye gata peke yake, kwa sababu ya majani ya kiangazi, upitie na mfuniko wa tanki na wavu wake. Vuli huanza kwa manyunyu ya kudanganya, na siku moja jioni kumbikumbi watajaa kwenye taa ya kibaraza. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufagia mbawa zao, chukua tochi uzunguke miguu ya kuta zote.